Sungura wa Goodness

Soweto, Moshi

Shangazi Tabitha, shikamoo.

Huku mvua zimeanza, na paa letu linavuja palepale.

Uvimbe wa sungura wa Goodness niliutoa vizuri. Lakini akiwa bado kwenye dawa ya usingizi presha ilishuka, nami nikafungulia dripu kwa kasi. Presha haikupanda, maji yalijaa mapafuni, akafa. Nilipaswa kupunguza dawa kwanza. Nilijua, ila niliogopa angeamka chini ya kisu.

Jana nilimleta huko kwenu Kilema ndani ya boksi. Nilipofika kwenye uzio nikamsikia Goodness akikata majani, akikuuliza kama sungura wake atarudi na njaa. Nikageuka na boksi langu.

Jani la isale la kuwaomba msamaha limo humu kwenye bahasha. Nililichuma palepale kwenye uzio wenu.

Mwanao,
Eliona