Kilua cha Mfukoni

Mke wangu Zuwena, mwenye ulimi wa pilipili,

Huku ng'ambo kwa mwanao, Al Qusais, jua linakuvamia tangu mlangoni. Mimi mzima, ila nimefiwa. Kile kilua, ua letu la kunukia, ulichonitilia mfukoni mwa kanzu siku ya safari kilishakauka kama sikio langu, lakini kila alfajiri nilikuwa nakinusa kwa siri. Jana mwanao Rukia kaitia kanzu kwenye mashine.

"Baba, mfukoni mlikuwa na taka, nimekusafishia."

Taka! Nilinuna mpaka nikasusa biriani. Akanihurumia, akanipeleka duka la maua. Mawaridi makubwa kama kabichi! Nikayanusa yote mbele ya muuzaji, yananuka friji.

Rukia akacheka. "Baba, hapa hatutafuti ua. Unamtaka mama."

Nikamkemea kwa kukosa adabu, kisha nikamwambia akanikatie tiketi.

Narudi mwezi ukiandama. Asumini zichume alasiri kabla hazijafunguka, uzitandaze kitandani kama zamani. Mtu wa posta akisoma hapa, aone haya mwenyewe. Na wewe usijifanye umezeeka; mimi bado.

Haji wako, pua tupu