Siku Ishirini na Tatu za Donatus

Jumatatu, 4 Julai 1983

Padre Gregory amerudi kutoka Ushirombo na filamu. Safari hii si ya maisha ya watakatifu. Juu ya kopo lake la bati kuna mhuri: CHINI YA MIAKA 16 HAWARUHUSIWI. Kaniambia niitazame mimi kwanza, kama karani wa parokia, nimweleze kama inawafaa waumini. Yeye ana maungamo vigango vitatu. Na anayejua kuwasha projekta ni mimi peke yangu.

Jumanne, 5 Julai

Nimeitazama. Ni habari za mtu mwenye joho la njano na kitambaa usoni. Anaruka juu ya majumba bila mabawa wala injini! Anawaandama wezi. Amewatupa watu kumi na mmoja kutoka ghorofani — niliwaandika kwenye karatasi. Hakuna aliyezikwa. Hakuna polisi aliyekuja kuuliza. Mwishoni watu wa mji wanampigia makofi.

Baada ya chakula nimeitazama tena. Kwa ajili ya uhakika.

Jumatano, 6 Julai

Nimempa Padre taarifa: inafaa, ila mhuri uheshimiwe. Kauliza nitajuaje nani ana kumi na sita na nani hana. Nikamwonyesha daftari la ubatizo. Miaka kumi na minane naliandika, leo ndiyo mara ya kwanza linahitajika haraka. Nimefurahi mchana kutwa, sioni haya kusema.

Mwalimu Thobias kapita ofisini. Kashauri wasiobatizwa wapimwe kwa mkono: upite juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili, kama anavyopokea watoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia kipimo hicho ni cha miaka saba. Kasema basi waguse mara mbili. Nimemshukuru.

Ijumaa, 8 Julai

Foleni ya kuhakikiwa umri mlangoni tangu asubuhi. Hata siku ya Krismasi haiji hivi.

Mzee Maganga, ndevu nyeupe kama pamba, daftari linasema alibatizwa mwaka 1971. Tarehe ya kuzaliwa niliweka kistari. Kwa maandishi basi ana miaka kumi na miwili. Kanisihi kwa adabu. Nilifikiri kama dakika tano, nikamruhusu.

Jioni Donatus wangu kaja. "Baba, na mimi je?" Nikafungua ukurasa ingawa naujua kwa moyo. Kuzaliwa: 2 Agosti 1967. Jumapili, siku ya onyesho, atakuwa amepungukiwa siku ishirini na tatu. Nikamwambia sheria ni msumeno. Hakubisha. Akaenda kupasua kuni. Amepasua za wiki mbili.

Paskazia, mama yake, anataka nibadilishe tarakimu moja tu. Nimekataa. Kasema mtoto anachinja mbuzi tangu ana miaka tisa, na mimi ndiye niliyemshikisha kisu, leo namficha watu wanaokufa kwenye shuka la sinema. Nikaichukua shajara hii, nikaketi kuandika.

Jumapili, 10 Julai

Onyesho saa tisa alasiri. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa mablanketi. Nilimfundisha Mwalimu kushika projekta, mimi nikakaa mlangoni na daftari. Nimerudisha thelathini na mmoja. Wawili walilia. Mmoja alinitukana kwa Kisukuma, akidhani sisikii.

Donatus alikaa nje, mgongo ukutani, akisikiliza. Ndani walipopiga makofi aliinua kichwa. Nilijisikia vibaya sana. Nikachechemea kwa mguu wangu mbovu hadi pale, nikamweleza ukweli: kinachonitisha si damu. Ni yale makofi. Mtoto akiona mtu anatupwa chini na watu wanapiga makofi, atadhani makofi ni ya kazi hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kasema, sawa baba.

Nadhani alielewa. Ana akili kuliko mimi.

Jumatatu, 11 Julai

Mabula, kamanda wa walinzi wa kijiji, kazunguka nyumba kwa nyumba. Ng'ombe watatu wa mjane Mbuke wameibwa. Kuanzia sasa kila nyumba itoe mwanaume mmoja mwenye upinde. Mwano ukipigwa — lile yowe ambalo ukilisikia lazima utoke — nyumba isiyotoa mtu inahesabiwa ni ya mwizi.

Mimi mguu wangu anaujua. Kwa hiyo kamwita Donatus, kamsimamisha kando ya upinde. Donatus kauzidi upinde. Kipimo kikaishia hapo.

Nilitaka kusema jambo. Nikasema karibu chai.

Jumanne, 12 Julai

Saa nne asubuhi mwano umepigwa. Donatus katoka mbio na upinde wa babu yake. Nilikuwa naandika ubatizo wa mtoto wa muumini mmoja, Anisia, nikamfuata nikiwa bado na daftari mkononi. Shajara iko nyumbani. Naandika kurasa za nyuma za daftari la ubatizo, Mungu anisamehe. Nitanakili baadaye.

Tuko nyuma ya bohari ya pamba. Wamemkamata mtu na ng'ombe watatu. Wamemfunga kwa kamba ya ng'ombe hao hao. Namjua. Ni Eustace. Ndoa yake niliiandika mimi, mwaka 1979. Kaliona daftari, kanitazama.

Wanamsubiri Mbuke aje awatambue ng'ombe. Watoto wamejaa. Wengi ni wale thelathini na mmoja. Hakuna anayewarudisha.

Mabula amepanga mstari. Kila nyumba pigo moja la rungu, ili kesho asiwepo wa kwenda kumtaja mwenzake. Donatus ni wa saba.

Nimemwendea. Nimemfungulia ukurasa. "Kamanda, huyu hajatimiza kumi na sita."

Kaangalia daftari kwa heshima. "Kumi na sita ya nini, karani?"

Nikasema basi wapeleke Eustace polisi Kahama. Kasema wamempeleka mara mbili, na mara mbili karudi kabla yao. Kisha kasema, kwa upole kabisa, nyumba yangu inadaiwa mkono mmoja. Hawachagui. Kama si wa mtoto, uwe wangu.

Nimekaa juu ya robota la pamba. Siwezi kuwazuia wala kuondoka, ndiyo maana naandika.

Mbuke amefika. Kasema wawili ni wake, wa tatu hana hakika. Mabula kasema wawili wanatosha.

Wa kwanza amepiga. Watoto wamepiga makofi.

Wa pili.

Nimemwita Donatus kwa mkono, hakuja. Amesimama wima, kama nilivyomfundisha kusimama altareni. Haogopi. Hilo ndilo linaloniogopesha. Eustace anasema kitu, sisikii, makofi ni mengi.

Wa tatu. Mzee Maganga ni wa nne. Amepiga.

Donatus ananitazama. Hamtazami Eustace, ananitazama mimi, jinsi alivyonitazama jioni ile ya Ijumaa akingoja niseme ndiyo au hapana.

Wa tano.