Jina la Baba Chini ya Barafu

Kullorsuaq,
Greenland.
14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Bibiane,

Pokea salamu za kaka yako ambaye meno yake ya mbele bado yote yapo isipokuwa mawili. U hali gani huko Aalborg? Magoti yanasemaje? Na mwanao Naasunnguaq na tumbo lake, wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Mke wangu Sabine anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake mzima kabisa. Mbwa wangu kumi na mmoja nao wazima. Mbwa wa watu wengine hapa wanawajua wangu kwa mikia tu, maana sura zao hawajawahi kuzifikia.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumwomba mtu. Shule nilikaa majira manne tu ya baridi, unajua, ila herufi hazijanitoroka. Ukiona doa mahali, hiyo ni kahawa.

Najua binamu yetu Eliarsi amekupigia simu. Amekuambia jina la baba limeshachukuliwa, mtafutieni mtoto wa Naasunnguaq jina jingine. Tafadhali, msichague lolote kabla hujanisoma hadi mwisho. Nasema yote, hata yanayonishusha.

Watafiti walikuja mwezi wa tatu na masanduku yao. Wamesimika maboya sita kwenye barafu, kila moja lina waya mrefu unaoning'inia majini kupima joto na chumvi na mwanga unaopenya. Halafu wana chombo cha manjano, urefu wake kama mtumbwi wa kayaki, ndani hakuna mtu. Wanakitumbukiza tunduni, kinakwenda chenyewe chini ya barafu kupiga picha za mwani unaoota kule kwa chini, na uduvi wanaoula mwani, na samaki wadogo wanaowala uduvi, kisha kinarudi kwenye tundu lile lile. Wanataka kujua nani atakula nini barafu ikizidi kuwa nyembamba. Mimi ningewaambia bila chombo. Pasua tumbo la sili anayewala samaki hao, utasoma habari yote.

Mkubwa wao ni mama mmoja wa Norwei, Sigrid, Kigreenland chake kinachechemea lakini kinafika. Alitaka mtu wa kuwachagulia njia kwenye barafu, na kwanza alikuja kwangu. Liweke hilo moyoni, Bibiane. Kwanza kwangu!

"Mzee Pavia," akasema, "unajuaje kwamba barafu ni nene ya kutosha?"

"Kwa miguu yangu."

"Vizuri. Basi tutakupa kifaa kidogo uvae, kituonyeshe ulikopita."

"Mama, mimi si mbwa nivishwe mkanda."

Nikafikiri atanibembeleza. Kesho yake Eliarsi alikuwa amevaa kifaa, na juu yake koti jekundu la watafiti.

Lile koti! Lina mifuko tisa, nimeihesabu kutoka dirishani. Eliarsi huyu huyu, mtoto wa baba mkubwa, aliyetumbukiza majini sleji nzima ya mbwa pamoja na sufuria ya supu, leo anawaonyesha watu barafu. Anakunywa kahawa hemani mwao. Anakaa mbele ya kompyuta yao anatikisa kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyepiga mbizi. Akipita kwangu hunipungia mkono polepole, kama kasisi. Kijicho nilikuwa naamka nacho na kulala nacho, hata samaki bapa niliowavuta wakubwa kama milango hawakunifurahisha.

Sasa sikia lililonichoma. Siku moja nilikuta chombo kimelazwa juu ya sleji ya Eliarsi, na ubavuni kimeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila kusogeza karatasi. USSARQAK. Jina la baba yetu.

Wanawake wa dukani walikuwa wamekizunguka, wanacheka na kulia. "Ussarqak, umerudi babu! Umenenepa!" Mmoja alikuwa anakipaka kipande cha ngozi ya nyangumi ya kula mdomoni, maana jina likishatolewa mwenyewe karudi, hakuna wa kubisha.

"We Eliarsi," nikamwambia, "umelipa dude hilo jina la baba yangu?"

"Sigrid aliniomba jina. Na baba yako alikuwa baba mdogo wangu."

"Nilikuwa nalitunza."

"Ulikuwa umelikalia. Miaka arobaini na moja, kama sili dume kwenye tundu lake, mwingine akija kuvuta pumzi unamng'ata. Mwanangu alipozaliwa ulimnyima. Sasa limempata asiyeweza kunyimwa."

Nikamtukania mbwa wake tu.

Maana ni kweli, Bibiane. Baba alipozama tulitafuta siku nane, wewe una miaka kumi na sita, na hatukumpata. Vuli ile Eliarsi akapata mtoto wa kiume, akaomba jina. Nikasema baba yangu hawezi kurudi katika nyumba ya mtu asiyejua kufunga mbwa kwenye sleji. Na wewe ulipojifungua mwanao wa kwanza huko Aalborg, ukaniandikia kwa heshima zote. Nikakujibu kwamba baba hawezi kuishi mahali ambapo bahari haigandi. Ulinyamaza miaka miwili baada ya barua ile. Nilijidai sijaona.

Basi siku ya tatu tangu kipewe jina, chombo kikaingia tunduni na hakikurudi. Maboya yalisikia mlio wake kidogo upande wa kusini, kisha kimya. Sigrid na watu wake wakahangaika huko kusini, Eliarsi mbele na koti lake.

Mimi nilijua hakiko kusini. Mkondo nyuma ya kisiwa huanza kwa kuelekea kusini kama mtu anayeaga, halafu hugeuka kaskazini. Kamba zangu za kuvulia zikikatika, huwa naziokota kwenye ufa ulio karibu na mlima wa barafu uliokwama. Nilijua, na nilikaa jikoni siku mbili nikinywa kahawa. Nilikuwa na furaha, mdogo wangu. Nilisema moyoni, sasa waone.

Siku ya pili Sabine alirudi kutoka dukani, akasimama mlangoni hata kofia hajaivua.

"Pavia. Wanasema Ussarqak amepotea tena."

Kwa neno hilo "tena" niliiweka kahawa chini.

Nilifunga mbwa. Nilipopita kwa Eliarsi nilimkuta nje, amekaa juu ya sleji yake, macho mekundu kama koti.

"Panda," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye ufa. Lete mtaimbo wako, wangu mfupi."

"Umejua tangu lini?"

"Panda, Eliarsi."

Hakuuliza tena. Tulikwenda mwendo wa karibu masaa matatu. Nilitembea juu ya barafu changa ya ule ufa nikipiga kwa mtaimbo, nikisikiliza, hadi nikaona umanjano chini yangu, hafifu kama kiini cha yai la ndege. Tukapasua. Tukafunga kamba mkiani. Nilimsikia Eliarsi anasema pole pole, "Toka baba mdogo, watu wanakungoja," na mimi nikasema, "Toka baba, kahawa ipo," na wote wawili hatukutazamana. Kikatoka kizito, kinachuruzika maji, tukalala chali pembeni yake kama vijana.

Kisha Eliarsi akasema, "Unanuka kijicho."

"Na wewe unanuka sabuni ya watafiti."

Tukacheka hadi mbwa wakasimama.

Nimemweleza Sigrid habari ya mkondo, na habari ya siku mbili jikoni pia. Alinitazama sana. Aliuliza kama afute jina, maana amesikia nilivyokasirika. Nikamwambia aache. Likifutwa, baba atakuwa amepotea mara ya tatu. Halafu akaniita hemani, akanionyesha picha ambazo chombo kilipiga kabla hakijakwama, kule kule baba alikozama.

Bibiane, miaka yote hii nilikuwa nadhani chini kuna giza. Hakuna giza. Mwanga unapita kwenye barafu, wa kijani, na mwani umening'inia kwa chini kama manyoya ya dubu, uduvi wanatembea humo kichwa chini miguu juu, na samaki wadogo wamelala kwenye mianya, wengi, kama watu kanisani. Nilitazama mpaka Sigrid akabadilisha kahawa yangu mara mbili. Na bado kijicho kilinipanda. Nilikionea wivu chombo kile kwa kufika huko kabla yangu mimi mwanawe.

Sasa ombi langu. Mpeni mtoto wa Naasunnguaq jina la Ussarqak. Akiwa wa kike mpeni vile vile. Eliarsi anasema limechukuliwa, lakini baba alikuwa mtu mpana wa mabega, atawatosha wawili. Na yale niliyokuandikia zamani kuhusu bahari isiyoganda, yachome. Nilikosea mimi. Sijawahi kumwandikia mtu neno hilo, ndiyo maana herufi zake zimepinda.

Pamoja na barua hii naleta glavu ndogo za ngozi ya sili, zawadi ya baba kurudi. Sabine ameshona. Huyu wa manjano hana mikono, kwa hiyo hana haki ya kulalamika. Zitamtosha mtoto akitimiza miaka miwili. Hapo mleteni, nimtembeze kwenye barafu ajue kwa nyayo zake. Hilo chombo hakiliwezi, wala mwenye koti.

Nisalimie Naasunnguaq na mumewe, na mwanao yule mkubwa niliyemnyima. Mwambie mjomba wake anamkumbuka kwa kichwa kilichoinama. Sabine anakusalimu, anasema magoti yapakwe mafuta ya sili hata kama majirani watalalamika. Mungu awashike mkono mahali pembamba, awafikishe.

Eliarsi naye anakuandikia leo, nimeona bahasha yake. Ikifika kabla ya yangu, iweke pembeni.

Kaka yako akupendaye, kuliko Eliarsi anavyokupenda,

Pavia, mtoto wa Ussarqak