Gitaa la Darius Lenye Shingo Fupi

Nyakabiga, Bujumbura
Tarehe 14 Septemba 1997

Mpendwa shemeji Révérien,

Amani iwe nawe huko Mwanza. Kwanza nauliza mgongo wako: bado unakusumbua, au umepata nafuu? Amandine wako je, na watoto? Sisi tunapumua. Nella ana kikohozi lakini anakula. Mama yenu macho yanazidi kupungua, mdomo ndio haujapungua. Mi nimechoka tu, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Huku ni vilevile. Sukari imekuwa hadithi tangu mipaka ifungwe, umeme unakuja unavyotaka, na jioni kila mtu anajifungia mapema. Mengine unayasikia kwenye redio.

Nakuandikia kuhusu kuganduka, siku ile ya kumaliza matanga. Tangu basi alilokuwamo Darius lipigwe risasi mwaka jana nyumba ilikuwa bado katika matanga, na Jumamosi iliyopita tukamaliza kilio. Tulikungoja, halafu tukaelewa kwamba njia haipitiki. Watu walikuja, wakanywa, Baba mdogo Jovithe akasimama mahali pako kugawa vitu vya mdogo wako. Makoti yakaenda, baiskeli ikaenda. Likabaki gitaa.

Unalikumbuka, lile la bluu ulilomtafutia kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga baa yake, la zamani kuliko mimi. Sikujua kama linapendwa hivi. Tangu msiba, wapiga gitaa hawakosi mlangoni, wanasema wamekuja kunipa pole, kumbe macho yao yapo ukutani lilipotundikwa. Musafiri, aliyekuwa akipiga na Darius kwenye orkestra, ndiye amezidi. Siku moja nikamuuliza, we, magitaa mapya yanayong'aa yapo, hili kuukuu lina nini? Akacheka.

"Mama Nella, yale marefu yanakung'oa vidole. Hili shingo ni fupi, vyuma vya shingoni vimekaribiana, nyuzi zimelegea kidogo. Unazivuta, zinalia kama mutu. Na sauti ni nene, inatoka kifuani. Ukishalizoea hili, mengine unaona ni mbao tu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Vidole vyangu Darius alikuwa anaviita vya mtoto. Kwenye gitaa refu la kanisani havifiki. Kwenye hili vinafika. Alinionyesha nyimbo mbili kabla hajatutoka, nyingine nimezitafuta mwenyewe wakati wa matanga. Usishtuke. Muziki ulikuwa mwiko, lakini Mama mwenyewe ndiye aliyeniruhusu. Bila umeme gitaa hilo halisikiki hata chumba cha pili. Alisogeza sikio akasema, "Huu si muziki, ni panya anakuna kabati. Kuna, mwanangu, kuna." Basi nikawa nakuna kila mchana Nella akilala.

Sasa Jumamosi Baba mdogo akasema kitu cha kazi kinakwenda kwa mwenye kazi, gitaa ni la Musafiri. Umeme ulikuwepo. Musafiri akalichomeka kwenye amplifaya aliyokuja nayo, akapiga. Shemeji, alipiga vizuri, sitasema uongo. Mama akalia. Halafu akajifuta akasema, "Na huyu mukazana wangu, muke wa mutoto wangu, mumupe." Baba mdogo akauliza kama wanawake siku hizi wameishiwa na kazi. Watu wakacheka. Nikalichukua hivyo hivyo.

Nilikuwa sijawahi kulipiga likiwa na umeme. Mkono ulishazoea kukuna kwa nguvu ili nisikie mwenyewe, nikapiga vilevile. Kilichotoka si wimbo, ni mlipuko, na uzi mwembamba ukakatika palepale, paa! Nusu ya watu walilala chini. Jirani Rachidi alikuwa chini ya meza, na soda yake haikumwagika hata tone. Nella akapiga ukelele. Tukamsikia Mama kutoka kwenye mkeka wake: "Inukeni basi, ni mukazana tu." Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na mi nikacheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Nikaanza tena kwa nyuzi tano, polepole, ule wimbo ambao Darius alikuwa akimbembelezea Nella. Safari hii likaimba. Baba mdogo akatazama viatu vyake, akasema jambo hili limemshinda, aseme mkubwa wa nyumba.

Basi neno ni lako. Musafiri ana haki, na ana mahali pa kulipigia. Mi nina kwaya ya wamama wa parokia, wamekwisha niomba, na nina Nella, ambaye kwa baba yake anakumbuka wimbo huo tu. Siku nikiwa nimechoka kabisa, nikilishika kidogo napata nguvu ya kuwasha moto nipike.

Ukisema nimpe Musafiri, nitampa bila ugomvi. Ukisema libaki kwangu, usihangaike kuandika. Nitumie tu nyuzi, kwa mtu yeyote anayevuka kuja huku, maana hapa hazipatikani. Zisiwe nyembamba, kwenye shingo fupi nyembamba zinalegea mno. Zikifika nitaelewa.

Mama anawabariki wote, anasema ule vizuri. Wasalimie Amandine na Zénon wenu, na umbusu mdogo ambaye sijamwona. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka njia zifunguke.

Wako akupendaye,
Médiatrice, mama Nella