Nusu ya Ujumbe Wangu Ilimtoa Mwenzangu kwenye Mizani

Bi Rebeka, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa leo naandika nikiwa nimepumua kuliko wiki iliyopita. Majina yote nimeyabadili, na chama chetu nakuomba usikitaje.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Nanyamba. Nikitoka kazini nacheza gemu kwenye kompyuta, na nimo kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji wa Mtwara, watu kama thelathini, msichana ni mimi peke yangu. Hivi karibuni kulizuka ubishi kuhusu lile duka kubwa la mtandaoni ambako karibu sote tunanunua gemu zetu. Asadi, fundi wa kompyuta wa Likombe, alisema halina mpinzani na wala halihitaji mpinzani, gemu zako zote ziko sehemu moja, marafiki wamo humo humo, na ukimwambia afungue akaunti duka jingine anaona kama unamhamisha nyumba. Mimi nikauliza, siku wakikufungia akaunti gemu zako zinakwenda wapi, na mtengenezaji mdogo akikataa masharti yao atauzia wapi, akanijibu, "Karani, wewe kanunue gemu la kilimo ulime, haya tuachie sisi," watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira nikaandika maneno ninayoyakumbuka mpaka nukta: "Kitu kikiwa na mlango mmoja, mwenye mlango ndiye anayeamua nani apite na kwa masharti gani. Tazameni korosho zetu, zote lazima zipite ghala la chama, kazi ya mkulima ni kusubiri tu." Nikaendelea hapo hapo: "Lakini viongozi wa chama angalau tunawachagua wenyewe, na tunawauliza mkutanoni. Lile duka nani alilichagua?"

Asadi, kwa utani wake, akapiga picha ya skrini, akakata jina langu na ile nusu ya chini, akaiweka stetasi. Mjomba wake ni mkulima wa huku kwetu. Kesho yake picha ilikuwa kwenye kundi la wakulima, na wapo walioapa hawaleti korosho ghalani mpaka waelezwe, na mnada ulikuwa umebaki wiki moja.

Mwenyekiti wetu, Mzee Selemani, akatuita mimi na mpima mizani, Thabiti, akasema maneno yale ni ya mtu wa humu ndani. Akamtazama Thabiti, kwa sababu msimu uliopita ndiye aliyesema hadharani kwamba wakulima wanasubirishwa mno. Akamtaka akabidhi funguo za ghala akae nyumbani mpaka jambo lijulikane. Thabiti alisema tu, "Mzee, simu yangu mimi ni ya kubonyeza. Hata hiyo picha sijaiona." Akaambiwa basi amemtuma mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na daftari langu, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu, Bi Rebeka. Nilipima magunia kwenye mizani yake. Mkewe Mwasiti alikuja kuniuliza kama nimesikia lolote, nikasema sijasikia. Siku ya nne nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwonyesha ujumbe wote kwenye simu yangu. Aliusoma mara mbili, taratibu.

"Hilo duka mwenyekiti wake nani?"

"Yupo, mzee, ila hatukumchagua na hatumjui."

"Sasa mkiwa na malalamiko mnakwenda wapi?"

"Tunabishana WhatsApp, mzee."

Alicheka mpaka akavua miwani, nami nikalia kwa faraja. Jioni hiyo Thabiti alirudishiwa funguo, akaambiwa tu kwamba mwandishi amepatikana na hakuwa na nia mbaya. Mimi mwenyekiti aliniambia, "Jina sikumtajia. Hilo ni lako."

Sasa korosho zinaletwa, baada ya mwenyekiti kuwaahidi wakulima kwamba watajibiwa mkutanoni, Thabiti yuko kwenye mizani yake, ananisalimia vizuri, na jana Mwasiti ameniletea mihogo kunishukuru kwa kumshikia mumewe kazi. Je, kuna haja ya kumweleza, au nitatibua mambo yaliyokwisha tulia? Na kundi la gemu nijitoe?

Karani, Nanyamba

*

Mwanangu karani, marahaba.

Nimefurahi kwamba ulikwenda kwa mwenyekiti kwa miguu yako. Wengi wangesubiri mnada upite. Kwa hilo lala usingizi, kazi yako ipo.

Ila mihogo umeila? Mwanamke aliyekuuliza ukamdanganya amekupikia shukrani, wewe unaniuliza kama kuna haja. Haja ipo, na unaijua, ndiyo maana umeniandikia ukurasa mzima. Unasema mambo yametulia. Yametulia kwako. Thabiti hajui kwamba mwandishi mwenyewe alisimama karibu yake akimtazama akikabidhi funguo, na huko kijijini bado wapo wanaoamini alimtuma mtu aandike, kwa sababu hakuna aliyewaambia vingine.

Mimi hayo magemu siyajui, lakini hoja yako nimeielewa na naiona nzuri: kiongozi uliyemchagua unaweza kumwuliza ukamtazama usoni. Basi na wewe kubali kutazamwa. Kesho fika mapema, kabla ya gunia la kwanza. Usimpigie simu. Mwambie Thabiti kwamba ni wewe, kwamba ulinyamaza siku tatu kwa woga, na usimtaje Asadi mpaka uwe umemaliza makosa yako mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki ya siku tatu zake. Ukitoka hapo nenda kwa Mwasiti.

Kisha mwombe Mzee Selemani nafasi kwenye mkutano wa wanachama, usome ujumbe wote mbele ya wakulima, kwa jina lako. Wakiuliza kuhusu kusubirishwa, wajibiwe. Mkutano ni wa kazi hiyo.

Kundini usitoke. Mtake Asadi aiweke stetasi ile picha nzima, halafu endeleeni kubishana juu ya duka lenu mpaka mchoke.

Ujumbe wako ulikuwa na nusu mbili, mwanangu. Thabiti ameibeba moja siku tatu bila kuisoma. Mpelekee ya pili.

Bi Rebeka