Mahali pa Kulaza Gari

Witeithie, 6 Januari 2025

Kwako dada Kavata,

Natumai uko salama na ule mgongo umetulia. Sisi tuko wazima, mimi na Tobias, ila macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Kwa vile hushiki simu zangu tangu Krismasi, nimeamua kuandika kwa kalamu kama zamani. Barua hii nimempa mama wa mboga anayeenda soko la Thika.

Najua ulikasirika tulipohama ile nyumba ya Kimbo tukaanza kuishi kwa gari. Ulisema mume wangu amenigeuza mkimbizi. Lakini dada, mimi nimefundisha miaka yote hiyo, Tobias amechomelea mageti ya nusu ya Ruiru, na nchi yetu tunaiona tu kwa TV. Ile Hiace ameitengeneza kwa mikono yake: kitanda, jiko dogo, tangi la maji. Mapazia nimeshona mimi. Tunataka tuzunguke mwaka mmoja, kisha turudi kazini.

Kumbe shida si gari. Shida ni mahali pa kulilaza. Siku ya kwanza tuliingia petrol stesheni huko Ruiru tukamwomba soja anayelinda atuache tulale. Akasema, "Hapa ni pa kuweka mafuta, si lojing." Tukaenda kusimama nyuma ya maduka Kimbo, pale pale nilipokuwa naishi, na watu wakatuzunguka wakidhani tunaiba watoto. Jirani wangu wa zamani ndiye alitutetea. Niliona aibu mpaka nikalia. Sasa tuko Witeithie, kwa jamaa anaitwa Njau anayeosha magari. Amesema tukae tu, mradi tusimwage maji machafu kwake.

Dada, uwanja wako ni mkubwa. Pale mume wako Mbaluka alikuwa anaegesha lori, Mungu amrehemu, pako wazi. Tunaomba tulale hapo siku mbili tatu turekebishe breki, ndio tuanze safari ndefu. Ukikataa sitanuna.

Mdogo wako,
Janice

Kiganjo, Thika, 9 Januari 2025

Kwa Janice,

Barua imefika. Mimi sijambo, mgongo unauma asubuhi lakini jua likitoka unanyamaza. Namshukuru Mungu mko hai.

Sasa sikiliza. Hapana.

Usidhani ni roho mbaya. Huu ni mwaka wa pili tangu nifiwe, na watu wa hapa wanajua hadi wageni waliokunywa chai kwangu. Shemeji Muema anakuja kila Jumamosi kuzunguka uwanja, mikono nyuma kama inspekta. Anasema mahali hapa panakaa bure, kwamba mwanamke peke yake hahitaji uwanja wa lori. Anataka upande huo ajenge vyumba vya kukodisha, mimi nibaki na nyumba tu. Akiona gari geni hapa atasema nini? Atasema boma la ndugu yake limenishinda.

Nimekutumia unga wa wimbi na maharagwe. Kuleni. Na msilale mahali hakuna taa.

Dada yako mkubwa,
Kavata

Londiani, 20 Machi 2025

Mpendwa dada Kavata,

Habari za siku nyingi? Huku sisi ni wazima kabisa, hata Tobias amenenepa. Unga wako ulitufikisha Kericho.

Tumejifunza mengi. Unafika jua likiwa bado juu. Unashuka kwanza, unasalimia, unanunua kitu kwa kioski, ndio unauliza uwanja ni wa nani. Tumelala kwa shule, tumelala kwa kanisa, tumelala nje ya kiwanda cha chai na masoja wakatuletea chai yenyewe. Mara nyingine tunakataliwa. Tunasema asante, tunasonga.

Ila dada, kuna jambo Tobias amefanya. Njiani tumekutana na mzee Jeconia na mke wake Wakonyo, wastaafu, nao wana van yao. Mama ana shida ya jicho na ameelekezwa kwa daktari huko Thika. Wakauliza kama kuna mahali wanaweza kusimama. Mimi nilikumbuka hapana yako. Tobias akawaelekeza mpaka kwa geti lako! Nilipomgombeza walikuwa wameshang'oa nanga. Ukiwafukuza nitaelewa. Lakini ni watu wapole.

Mdogo wako anayeogopa kidogo,
Janice

Kiganjo, 14 Aprili 2025

Janice wewe!

Salamu nitatoa mwisho, kwanza nikugombeze. Mtu anatumaje wageni kwa mjane bila kuuliza?

Walikuja mvua ikinyesha. Nikaenda kwa geti nimefunika kichwa na beseni, nimeshapanga maneno ya kuwafukuza. Huyo mzee akashusha kioo akasema, "Mama, tumeelekezwa na Janice. Kama tunakusumbua, tutaendelea." Na kando yake huyo mama, jicho moja limefungwa bandeji, anajaribu kutabasamu. Nikawaambia waingie wanywe chai kisha waende. Chai ikawa ugali. Ugali ukawa wiki nzima, maana daktari alimwambia arudi tena na tena.

Sasa nikwambie kitu sijaambia mtu. Asubuhi ya kwanza nikiwa jikoni nilisikia injini inapashwa moto pale uwanjani. Nilishika sufuria nikasimama tu. Kwa dakika hiyo nilidhani ni Mbaluka anatoka. Halafu nikasikia Wakonyo anacheka huko nje, na badala ya kulia nikajikuta nacheka pia, sijui nacheka nini.

Tangu siku hiyo wamekuja wengine. Familia kutoka Nakuru, halafu mabinti wawili wanaopiga picha za ndege. Kila gari likifika namjulisha mzee Githinji wa nyumba kumi, anayeangalia usalama wa mtaa, kabla jua halijazama. Mboga wananunua kwa kioski ya Wanja hapo mbele. Mmoja amenitengenezea mfereji wa paa. Jeconia na Wakonyo wamerudi kwa ajili ya jicho.

Jumamosi Muema amekuja na vijana wamebeba nguzo na kamba ya kupimia. Akakuta magari matatu. Akapiga kelele majirani wote wakatoka: "Umegeuza boma la ndugu yangu stendi!" Vijana wakachimbia nguzo katikati ya uwanja nikiwa naangalia. Amenishtaki kwa chifu kwamba naficha wezi. Baraza ni Alhamisi. Janice, unanijua. Hata kanisani nikiwa na tangazo natuma mtu asome. Karatasi hii itabidi Wanja aipige picha akutumie, maana kwa simu nitalia.

Salimia Tobias, ingawa ni yeye aliyeanzisha.

Dada yako,
Kavata

Kitale, 15 Aprili 2025

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili, na Tobias naye. Tunageuza gari asubuhi hii, ingawa kwa hizi breki zetu sidhani tutafika kabla ya Alhamisi. Usiweke sahihi mahali popote. Ile hapana uliyoniandikia Januari, itoe hivyo hivyo mbele ya chifu. Mimi mwenyewe iliniogopesha.

Mdogo wako,
Janice

Kiganjo, Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Janice mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, sijambo, sijambo! Kaa chini usome.

Muema alisimama kwanza. Alisema mimi nimechanganyikiwa tangu kufiwa, na boma la Mbaluka linahitaji mwanaume. Chifu akauliza kama kuna jirani ameibiwa kitu. Hakuna aliyeinua mkono. Halafu Wanja akasimama na aproni yake: "Tangu hao wageni waje, sukuma wiki yangu haioni jioni." Watu wakacheka. Mzee Githinji naye akasema hakuna gari limewahi kulala kwangu yeye asijue.

Chifu akanigeukia. "Mama Kavata, na wewe?"

Nilisimama. Nikasema, "Chifu, mume wangu aliendesha lori maisha yake yote. Busia, Garissa, Moyale. Huko kote alikuwa analala kwa viwanja vya watu. Kuna watu nisiowajua walimfungulia geti, wakampa maji ya kuoga, ndio maana alikuwa anarudi kwangu mzima. Mimi leo nifunge langu kwa sababu gani?"

Nikamwangalia Muema. "Shemeji, uwanja huu tulinunua mimi na Mbaluka, mimi nikiuza nyanya, yeye akiendesha. Chai yako kwangu iko siku zote. Lakini kunipimia uwanja wangu, hapana."

Janice, wamama walipiga vigelegele! Chifu akagonga meza akasema hakuna kesi hapa, na aliyeleta nguzo azing'oe mwenyewe. Tulirudi Kiganjo nusu ya baraza ikitufuata nyuma. Muema alizing'oa moja moja, shati limelowa jasho, hakuna mtu alimsaidia. Ya mwisho ilipotoka mzee Jeconia akapiga honi, magari mengine yakajibu, watoto wakaanza kucheza barabarani kama harusi. Mimi nilicheza pia. Uliza Wanja.

Njooni pole pole, msiumizane na hizo breki. Mkifika mtaegesha nyuma ya jikoni, mbele kumejaa.

Dada yako,
Kavata wa Mbaluka

Nyahururu, 17 Septemba 2025

Mdogo wangu Janice,

Hamjambo huko Pwani? Joto halijawamaliza? Tangu mtengeneze breki pale kwangu na kuondoka, nyumba haijakosa watu. Wakonyo sasa anaona hadi uzi wa sindano.

Umeona jina la mji hapo juu? Usishtuke. Ni mimi. Jeconia na Wakonyo walikuja wiki jana wakasema, "Twende." Nilitafuta sababu ya kukataa nikakosa. Ufunguo wa geti nimempa Wanja, anapokea wageni vizuri kuliko hata mimi.

Leo alasiri tumefika hapa, na mzee akafungua mlango ashuke akaombe mahali. Nikamwambia, "Mzee, kaa. Leo naomba mimi." Nikavuka barabara hadi shule moja ya msingi, nikamkuta mwalimu mkuu akisimamia wanafunzi wakifagia.

"Hujambo mwalimu. Naitwa Kavata, natoka Kiganjo, Thika. Wasafiri wakipita kwetu huwa nawapokea. Leo msafiri ni mimi."

Aliniangalia, akaangalia gari, akaniangalia tena. Halafu akamwita mlinzi: "Fungua lote, mama aingie."

Nilitembea mbele ya gari nikilielekeza kwa mikono, kushoto, kulia, njoo, njoo, wanafunzi wameacha mifagio wananiangalia. Sasa naandika nikiwa nimekaa kwa mlango wa gari, nimejifunga shuka mbili, baridi ya huku si mchezo, na Wakonyo anakaanga vitunguu.

Kesho tunaenda Maralal. Hakuna anayetujua huko. Tukifika nitashuka.

Dada yako,
Kavata