Alban na Pampu ya Joto

Alhamisi, 26 Oktoba 2023
Redio imetangaza: kodi ya kaboni kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto imesimamishwa miaka mitatu. Alban akapiga meza. "Umesikia, Rhona? Serikali imeufyata mkia." Kisiwa chetu chote cha Cape Breton, hapa Kanada, kinashangilia. Mimi sina la kushangilia. Kodi ile ndiyo iliyomfanya mume wangu akubali pampu ya joto, ile ya umeme isiyo na moshi, badala ya tanuru la mafuta. Si maneno yangu, si kikohozi cha mama yake — kodi. Mafundi wanakuja wiki ijayo.

Jumatatu, 30 Oktoba
Nimekutana na Lorne, fundi wa pampu, dukani. Eti pole kwa kughairi. Kughairi nini? Akawa mwekundu mpaka masikioni. Alban alimpigia simu Ijumaa asubuhi, akafuta kila kitu. Bila kuniambia! Na Lorne anasema msaada wa serikali kwa wanaofunga pampu umeongezwa siku ile ile. Hilo Alban hakulisikia. Masikio yake yaliziba kwenye "imesimamishwa."

Nimemwambia Lorne aje Alhamisi kama tulivyopanga.

Nyumbani, moto. "Kodi imeondoka, haraka ya nini?"
"Moshi wa tanuru lile unamla mama yako."
"Tanuru lile aliliweka baba."
"Na baba yako alikufa akikohoa."
Nimelisema. Sijutii.

Jumanne, 31 Oktoba
Hatusemezani. Kalala kwenye kochi. Na alale.

Alhamisi, 2 Novemba
Lorne kafika na mwenzake, mvua inanyesha. Alban kasimama mlangoni, mikono kifuani. "Hakuna kinachoingia humu." Lorne akasema tuelewane kwanza, wao watasubiri.

Ndipo Mama Effie akatoka chumbani, blanketi mabegani, akikohoa. Mama mkwe wangu hajawahi kumpinga mwanawe mbele ya watu. "Lorne, mwanangu, zungukeni mlango wa nyuma. Huu umezibwa na gogo."

Alban kaenda kukaa ndani ya pikapu lake, injini inanguruma, hita imewashwa, vioo vimejaa ukungu. Haondoki. Haingii.

Drili imeanza kutoboa ukuta wa sebule. Mama Effie kaweka kikombe cha chai mbele yangu, sukari mbili, anavyopenda Alban.
"Mpelekee mumeo."
"Mpelekee wewe, Mama."
"Mimi nimeshasema langu."
Chai inapoa. Bado nimekaa.